Petro wa Nywele Matimutimu

Ndugu msomaji, safari ninayotaka kukusimulia ilianzia mezani, kwenye sahani ya wali na mchicha, na ilianza kwa kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa nimekwenda Ujerumani kumtazama mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye hufanya kazi ya uuguzi karibu na mji wa Frankfurt. Ana mtoto mmoja wa kiume, umri wake miaka mitano. Mtoto huyu ni mwerevu sana. Anasema Kiswahili na Kijerumani, naye huniita Babu. Siku ya tatu tangu nifike, jioni, aligoma kula. Mama yake alikuwa jikoni. Mimi, kwa kutaka kusaidia, nikamwambia maneno yale niliyoambiwa na wazee wangu, nami nikawaambia wanangu walipokuwa wadogo: "Usipokula, nitamwita daktari aje akuchome sindano kubwa."

Mtoto akala. Alikula sahani nzima huku machozi yakimdondoka, nami nikajiona mlezi hodari.

Mama yake alikuwa amesikia yote. Akaja akasimama mlangoni, kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. "Mjomba," akasema kwa upole, maana hakulelewa kumfokea mkubwa, "umenipa kazi. Jumatatu mtoto anakwenda kwa daktari kuchanjwa. Mwezi mzima nimekuwa nikimweleza kwamba daktari ni rafiki yetu."

Sikuwa na jibu. Usiku ule mtoto aliamka mara mbili akilia. Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi, na mpwa wangu alikuwa na siku ya mapumziko. Tulipokwisha kunywa chai akaniambia, "Twende mjini, Mjomba. Nitakuonyesha nyumba ya kumbukumbu ya daktari mmoja wa zamani. Yeye naye wakubwa walimpa kazi ile ile uliyonipa mimi jana."

MJI ULIOJENGWA TENA

Tulipanda treni, kisha tukaingia nyingine ya chini ya ardhi, tukatokea katikati ya mji wa kale. Frankfurt ni mji wa fedha. Majumba ya mabenki yanasimama kama miti ya msituni, na ukiyatazama kutoka chini shingo huuma. Lakini ukienda upande wa mto Main utafika kwenye kiwanja kiitwacho Römerberg, na hatua chache kutoka hapo ni kanisa kuu la mawe mekundu, ambamo zamani wafalme wakuu wa Wajerumani walitawazwa.

Kati ya kiwanja na kanisa pana vichochoro vyembamba na nyumba za mbao na plasta zilizobanana, ghorofa ya juu ikiinama juu ya ile ya chini. Mtu asiyejua atasema ni nyumba za miaka mia tano. Sivyo. Mwezi wa Machi mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege ziliangusha mabomu hapa na mji wa kale ukateketea. Miaka mingi ilipita, na jengo kubwa la ofisi za serikali ya mji likasimama mahali hapo. Baadaye wenyeji waliamua kulibomoa na kurudisha vichochoro vyao. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 2018. Nyumba 35 zilijengwa, na 15 kati yake zilifanywa mfano halisi wa zile zilizoteketea.

Katika kichochoro kiitwacho Hinter dem Lämmchen, maana yake "nyuma ya mwana-kondoo", ndipo ilipo nyumba tuliyoitafuta. Ilihamia hapo mwaka 2019. Ukiingia unakutana na picha ya mvulana aliyesimama wima, amepanua mikono na miguu. Nywele zake ni matimutimu, zimefura pande zote kama kichaka. Kucha zake ni ndefu kupita vidole vyenyewe. Uso wake hauonyeshi haya hata kidogo.

Mtoto wetu akasimama mbele yake, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mama yake yuko wapi?"

Huyo ndiye Struwwelpeter, nasi tunaweza kumwita Petro wa Nywele Matimutimu. Hakuna Mjerumani asiyemjua.

DAKTARI MWENYE PENSELI

Aliyemchora alikuwa Daktari Heinrich Hoffmann. Alizaliwa hapa Frankfurt mwaka 1809 na akafa hapa hapa mwaka 1894. Hakuwa mchoraji wala mwandishi wa vitabu kwa kazi. Alikuwa mganga wa kutibu watu, na aliitwa majumbani mwao kuwaona wagonjwa, wakubwa kwa wadogo.

Baadaye, mwaka 1871, alisimulia katika gazeti moja jinsi kitabu chake kilivyopatikana. Alisema kwamba taabu yake kubwa ilikuwa watoto. Kila alipoingia chumbani mtoto mgonjwa alipiga makelele, akapigana, akakataa kuguswa. Na sababu yake nini? Ni kwamba wazazi walikuwa wamezoea kuwatisha watoto wao kwa jina la daktari. Mtoto asipokula vizuri, mtoto akitukuta, aliambiwa: daktari atakuja na dawa chungu. Basi daktari alipokuja kweli, na mtoto yu hoi kwa homa, hapakuwa na njia ya kumpima.

Mpwa wangu alinitafsiria maneno hayo polepole, neno kwa neno. Hakunitazama, nami nilimshukuru kwa hilo.

Daktari Hoffmann alipata dawa yake. Alitoa karatasi na penseli mfukoni, akachora upesi mvulana mdogo, huku akisimulia. Mvulana huyu hataki kukatwa nywele wala kucha. Nywele zinakua, kucha zinakua, zinakua tena, mpaka mwisho haonekani yeye, zinaonekana nywele na kucha tu. Mtoto mgonjwa akanyamaza kwa mshangao ili aone mwisho wake. Machozi yakakauka, na daktari akapata nafasi ya kumshika mkono na kumtazama ulimi.

Ikawa mwezi wa Desemba mwaka 1844. Daktari alikwenda madukani kumtafutia mwanawe Carl, aliyekuwa na miaka mitatu, kitabu cha picha cha zawadi ya Krismasi. Aliona hadithi ndefu zisizofaa umri ule, na mafundisho makavu ya kwamba mtoto mwema hufanya hivi na hafanyi vile. Hakununua hata kimoja. Alinunua daftari tupu, akarudi nyumbani, akalijaza mwenyewe kwa picha na mashairi. Picha ya mvulana wa matimutimu aliiweka mwishoni.

Rafiki zake walipoliona daftari lile walimsihi alipige chapa. Kitabu kikatoka mwaka 1845, nakala 1,500, bila jina lake halisi. Hakutaka mafundi wa kiwandani wazirembe picha zake. Alisimama juu yao ili mistari ibaki kama alivyoichora kwa mkono usio wa fundi. Nakala zile ziliisha upesi. Chapa zilizofuata zikaongezwa hadithi, na tangu mwaka 1847 kitabu kikajulikana kwa jina la yule mvulana wa ukurasa wa mwisho, ambaye sasa amehamia jaladani. Mwaka 1848 kilitoka kwa Kiingereza. Mwandishi wa Marekani Mark Twain, alipokaa Berlin mwaka 1891, alikitafsiri kwa mkono wake mwenyewe ili awape binti zake kuwa zawadi ya Krismasi. Tangu Daktari Hoffmann anunue daftari lake ni zaidi ya miaka 175 sasa, na katika nyumba hii ya kumbukumbu utaviona vitabu hivyo kwa lugha nyingi.

KABURI LENYE BAKULI LA SUPU

Sasa, msomaji, huenda unangoja kusikia kwamba kitabu hiki ni cha upole na utamu. Ngoja nikueleze yaliyomo.

Yumo Kaspar, mtoto mnene mwenye afya, ambaye siku moja anakataa supu. Kila siku anachorwa amekonda zaidi. Siku ya nne amekuwa kama uzi, na siku ya tano amekufa. Yumo Paulinchen, msichana aliyeachwa nyumbani peke yake akachezea kiberiti. Paka wake wawili wanamwonya kwa miguu iliyoinuliwa, hasikii, anaungua wote, na kinachosalia ni majivu na viatu vyake. Wale paka wanakaa kando wakilia, na machozi yao yanatiririka kama kijito. Yumo Konrad mnyonya kidole, ambaye mshonaji anaingia mbio na mkasi mkubwa na kumkata vidole gumba viwili. Yumo Philipp asiyetulia mezani. Anabembeza kiti mpaka anaanguka na kuvuta kitambaa cha meza, na chakula chote kinamfunika. Jina lake limedumu, hata leo Wajerumani hulitumia kwa mtoto ambaye kwa maradhi yake hawezi kutulia. Na yumo Robert aliyetoka na mwavuli wakati wa dhoruba. Upepo ukamnyanyua akapaa mawinguni, na mpaka leo hajarudi.

Tulikaa kwenye benchi, mtoto katikati, mama yake akisoma na mimi nikitazama picha. Nakiri kwamba moyo ulinidunda. Nilisema moyoni: jana huyu mtoto hakulala kwa sababu ya neno moja la sindano, leo tunamwonyesha watoto waliokufa!

Tukafika kwenye Kaspar. Picha ya mwisho ni kaburi, na juu ya kaburi wameweka bakuli la supu. Mtoto alilitazama, akainama karibu zaidi, kisha akapasuka kwa kicheko. "Babu, tazama! Wamempelekea supu kaburini! Na bado hataki!"

Alicheka mpaka watu wakageuka. Kisha akasema kwa utulivu, kama mtu anayefundisha mzee, "Lakini si kweli. Mimi juzi sikula mchana, na sikuwa uzi."

HOFU ILIYOMO KITABUNI NA HOFU YANGU

Tulipotoka tuliketi mahali pa kahawa, na hapo mimi na mpwa wangu tukajadiliana. Nilimwuliza, "Mwanangu, nieleze. Neno langu la jana lilimliza mtoto. Kitabu hiki kina mabaya zaidi ya neno langu, naye amecheka. Kwa nini?"

Alifikiri, akanijibu, "Mjomba, daktari wako ni wa kweli, na siku yake ni Jumatatu. Mshonaji wa kitabuni yuko kwenye karatasi. Mtoto akichoka naye anafunga kitabu."

Nadhani alisema kweli, nami nimeongeza mawazo yangu tangu siku ile. Wazee wetu wana methali: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tulipokuwa wadogo tulisimuliwa habari za mazimwi yanayokula watu, na majoka yenye vichwa saba, na tulitetemeka. Lakini tulitetemeka tukiwa tumeegemea magoti ya Bibi, moto unawaka, viazi vinaiva majivuni. Kesho yake tulimwomba Bibi alete zimwi lile lile, wala asibadili neno. Tulikuwa tunalijua, nalo lilikuwa limetuzoea. Hofu ya namna hiyo ni kama kuogelea penye maji ya magoti na mkubwa amesimama kando. Unayajua maji, na hujazama.

Tena Daktari Hoffmann hakuficha kwamba hatari zipo. Siku zile viberiti vya kuwashia kwa kukwaruza vilikuwa vitu vipya majumbani, na watoto waliungua kweli. Hans, mwingine wa kitabuni, anakwenda shule akitazama mbayuwayu juu mpaka anatumbukia mtoni. Nasi tunajua kwamba mito huchukua watoto. Mtoto naye ana masikio. Anasikia wakubwa wakinong'ona habari za msiba, anaona jeneza likipita. Kitabu kinachomwambia kwamba dunia yote ni maua na vipepeo kinamwacha peke yake na yale aliyoyaona. Kitabu kinachotia jambo lile la kutisha katika picha ya kuchekesha kinamwambia: tumeliona na sisi, njoo tulitazame pamoja.

Jambo la tatu ni kwamba humo kitabuni hata wakubwa hawaponi. Mwindaji mwenye bunduki na miwani analala usingizi, sungura anakuja anamwibia vyote viwili, anavaa miwani na kumfukuza mwenyewe mpaka anatumbukia kisimani. Risasi inavunja kikombe cha kahawa mkononi mwa mke wa mwindaji. Mtoto anayekatazwa kutwa nzima hupumzika akiona mkubwa naye amepatikana.

Ndiyo maana mbegu hii imeota mahali pengi. Mwaka 1865 Wilhelm Busch, Mjerumani, alichora habari za Max na Moritz, watundu wawili wanaosagwa kinuni na kuliwa na bata. Mwaka 1907 Mwingereza Hilaire Belloc alitoa mashairi yake ya maonyo, ambamo mtoto aliyemponyoka yaya wake analiwa na simba. Mwaka 1963 Mmarekani Edward Gorey alichora alfabeti nzima ya watoto 26, kila herufi na kifo chake. Walimu na wazazi wengi wamevilaumu vitabu vya namna hii, na watoto wameendelea kuvitaka.

Mpwa wangu, hata hivyo, hakukubali yote. Alisema, "Wengi hapa wamekua na hofu ya yule mshonaji, Mjomba. Ukurasa wa Konrad mimi siusomi usiku. Na mtoto anayenyonya kidole kwa huzuni hahitaji mkasi, anahitaji kupakatwa." Naye amesema kweli. Kitabu kile kile akikishika mtu anayetaka kuogofya, mtoto ataogopa. Ukurasa hauwezi kumpakata mtoto. Sisi ndio wenye magoti.

SWALI LA WINO

Jambo moja nimeliacha nyuma kwa makusudi, maana liliniuma.

Katika hadithi mojawapo kijana mweusi anatembea na mwavuli wake juani. Watoto watatu wa Kizungu wanamfuata wakimcheka rangi yake. Anatokea mzee mkubwa mwenye ndevu, jina lake Nikolas, anawakataza. Hawasikii. Basi anawakamata na kuwachovya wote watatu ndani ya kidau kikubwa cha wino, na wanatoka weusi kuliko yule waliyemcheka.

Mwenye kitabu alitaka kuwaadhibu wenye dharau, na kwa mwaka wa 1845 hilo si dogo. Lakini mtoto wetu hakucheka. Aliuliza, "Babu, kwani kuwa mweusi ni adhabu?"

Mama yake aliacha kusoma. Mimi nilijua kwamba swali hili halikutoka kitabuni peke yake. Katika nchi ile anakwenda shule ya watoto wadogo yeye peke yake na rangi yake, na yapo mambo anayoambiwa ambayo mama yake hasikii.

Nilimjibu, "Hapana. Hapo daktari alikosea. Alitaka kusema neno jema, lakini alilisema vibaya. Tazama, huyu kijana wetu hakupewa hata neno moja la kusema, wala shati hakuvikwa." Mtoto akamtazama tena yule kijana mwenye mwavuli. Akasema, "Angepewa shati, na baiskeli." Tukakubaliana kwamba angepewa baiskeli.

Basi, hata katika kitabu cha kuchekesha yafaa kuuliza: nani anachekwa, na nani anayecheka? Kaspar na supu yake tunamcheka kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kuwa Kaspar. Lakini kicheko kinachomtoa mtu nje ya mlango hakimponyi mtu hofu, humwongezea.

NYUMBA YA WAGONJWA WA AKILI

Nyumba ile ya kumbukumbu ina jambo jingine ambalo wageni wengi hupita bila kuliuliza. Daktari Hoffmann hakuishia kwenye vitabu. Tangu mwaka 1851 mpaka alipostaafu mwaka 1888, alikuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili na wa kifafa hapa Frankfurt. Alipoikuta ilikuwa mahali pabovu, pamebanana katikati ya mji. Alihangaika miaka mingi kutafuta fedha, akatembelea hospitali nyingine ili ajifunze, hata mwaka 1864 akafungua hospitali mpya nje ya mji, yenye bustani na hewa safi. Watu wengine walidhani kwamba wenye wazimu ni watu wa kufungiwa tu. Yeye alisema ni wagonjwa kama wagonjwa wengine, na mgonjwa hutibiwa. Hospitali hiyo haipo tena. Leo mahali pale pana chuo kikuu.

Na nyumba ya kumbukumbu yenyewe inaendeshwa na chama kinachowasaidia watu walioguswa na maradhi ya akili, nao hupata kazi humo. Jambo hili lilinigusa kuliko picha zote. Yule mtu aliyeketi kitandani mwa mtoto aliyejaa hofu, akachora mpaka hofu ikapungua, ndiye aliyekwenda kuketi na wale ambao mji mzima uliwaogopa. Naona ilikuwa kazi moja.

SIKU YA JUMATATU

Jumatatu niliomba niende nao. Tulikaa katika chumba cha kungojea, mtoto amenishika kidole, mkono wake una jasho. Nilitoa risiti ya duka mfukoni na kalamu. Mimi si mchoraji. Nikachora mviringo, nikatia nywele.

"Nimechora nani?" nikamwuliza.

"Petro."

"Si Petro. Sikiliza. Juzi Babu alikwambia uongo. Daktari hachomi sindano mtoto kwa sababu hakula. Daktari anachanja watoto wote, wanaokula na wasiokula, ili wasiugue. Babu alikosa, nisamehe."

Alinyamaza. Kisha akasema, "Kitabuni hamna Babu aliyesema uongo. Mchore."

Basi nikachora. Mviringo ule ukawa kichwa cha Babu. Mtoto akaamuru ulimi utoke. Nikautoa. Akaamuru ukue. Ukakua mpaka kifuani, ukakua mpaka sakafuni. Risiti ikaisha, nikageuza upande wa pili. Watu wakaukanyaga ulimi wa Babu, baiskeli ikapita juu yake, paka wawili wakaja wakaulilia. Wakaja watu wa nguo wakaufanya kamba ya kuanikia. Mtoto alikuwa amelala juu ya magoti yangu kwa kicheko, na mama yake, aliyekuwa akijizuia kwa heshima, alishindwa naye akacheka mpaka akafuta machozi.

Mlango ukafunguliwa, jina lake likaitwa. Akaingia na risiti yake mkononi. Sitakudanganya, msomaji, kwamba hakulia. Alilia kidogo sindano ilipoingia. Lakini alikaa mwenyewe, hakushikwa na mtu, na alipotoka jambo la kwanza alilosema ni kwamba amemwonyesha daktari ulimi wa Babu.

Wazazi na walezi wenzangu, wengi wetu tumerithi maneno ya kutishia: daktari, polisi, mzee wa mtaani mwenye gunia. Ni maneno mepesi, na mtoto hula sahani yake yote. Lakini siku ya homa atamkimbia daktari yule yule tuliyemwita kwa utani, na siku atakapopotea njiani atamkimbia polisi ambaye angemrudisha nyumbani. Tukitaka kuwaonya watoto, na tuwaonye juu ya moto na mto kama ulivyo moto na mto. Na tukitaka kuwatisha kidogo, maana wao wenyewe hupenda kutishwa kidogo, basi na tuwe na zimwi linalojulikana, tulisimulie tukiwa tumewapakata, na tusione haya zimwi hilo likiwa na sura yetu.

Risiti ile imebandikwa kwenye mlango wa jokofu la mpwa wangu. Nilipoagana nao niliikuta imeongezwa kitu kwa kalamu nyekundu: karibu na Babu mwenye ulimi, kijana mmoja mweusi, amevaa shati, anaendesha baiskeli.